Ugonjwa wa Lyme hauna sura moja: kwa nini dalili za mwanzo hutofautiana

Ilikuwa mwezi Juni, saa nne usiku. Nilikuwa nimekaa kibarazani hapa Lindi mjini simu ilipoita. "Shikamoo mjomba. Nimekutumia picha WhatsApp, hebu iangalie kwanza halafu tuongee." Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mtama, ambaye yuko Ujerumani anasomea uuguzi. Picha ilionyesha sehemu ya nyuma ya goti lake. Palikuwa na baka la mviringo lenye upana wa kama sentimita sita au saba, rangi ya zambarau inayoelekea kahawia, ukingo umekolea kidogo kuliko katikati.

Nikamwambia hicho ni choa. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, na kwa macho yaliyozoea ngozi za Lindi, baka la mviringo ni choa kabla halijawa kitu kingine. Akanijibu kwa utulivu: "Mjomba, haliwashi. Wala halina magamba pembeni. Na juzi lilikuwa dogo kama sarafu." Kisha akasema neno lililoniinua kitini. Wiki mbili nyuma alikwenda kutembea msituni na wenzake, akarudi na kupe mdogo amenasa palepale nyuma ya goti.

Alikuwa ameshasoma habari za ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria anayebebwa na kupe, na kilichomtuliza ndicho kilichonitia wasiwasi. Alikuwa ameona picha ya duara jekundu juu ya ngozi nyeupe, lenye doa katikati kama shabaha ya kulengea. Alikuwa amesoma kwamba mgonjwa hupata homa, kichwa kuuma, uchovu na maumivu ya misuli. Yeye hana homa. Kichwa hakimuumi. Duara lake si jekundu. Basi, akahitimisha, si Lyme.

Picha ile ni ya kweli. Ila ni ya mgonjwa wa bara jingine, mwenye ngozi nyingine, na yumkini aliyeingiliwa na bakteria mwingine. Hapo ndipo penye fundo, na nitajaribu kulifungua polepole, kwa kuwa vijana wetu wanaokwenda kusoma na kufanya kazi Ulaya na Marekani ni wengi, na hakuna anayewaambia habari hii kabla hawajapanda ndege.

Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975, mama mmoja wa eneo hilo, Polly Murray, aliwabana maofisa wa afya akitaka kujua kwa nini watoto wengi namna ile wa mitaa ya jirani wanavimba magoti. Daktari Allen Steere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakaanza kuchunguza, na ugonjwa ukachukua jina la mji. Kwa hiyo maelezo yake ya awali ya kisasa yaliandikwa kutokana na wagonjwa wa Kimarekani, na picha iliyosambaa duniani ikawa ya Kimarekani.

Lakini madaktari wa Ulaya walikuwa wameshakutana na ugonjwa huu bila kuujua ni nini. Mwaka 1909 daktari wa ngozi wa Sweden, Arvid Afzelius, alieleza kuhusu baka linalotanuka kutoka mahali kupe alipouma. Mwaka 1922, nchini Ufaransa, Garin na Bujadoux walieleza kuhusu mgonjwa aliyeumwa na kupe, akapata baka, kisha maumivu makali ya mishipa ya fahamu na udhaifu wa misuli. Mmoja aliona ngozi, wengine wakaona neva.

Bakteria mwenyewe alipopatikana, mwanzoni alidhaniwa ni wa aina moja, akaitwa Borrelia burgdorferi. Ilipofika miaka ya 1990 wanasayansi waligundua kwamba ndani ya jina hilo wamejificha ndugu kadhaa. Wawili wa Ulaya walipewa majina ya wale madaktari wa zamani: Borrelia afzelii na Borrelia garinii. Nimeyapenda majina haya tangu nilipoyaelewa, kwa sababu yanasaidia kukumbuka. Huyu wa Afzelius hupenda kukaa kwenye ngozi. Huyu wa Garin huelekea kwenye neva. Na burgdorferi mwenyewe, ndiye anayetawala Marekani, na kwa muda mrefu anajulikana kwa kushambulia viungo, hasa goti.

Sasa tuangalie siku za mwanzo, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Baka huanza kuonekana kati ya siku 3 na siku 30 baada ya kuumwa. Kwa mtu aliyeambukizwa burgdorferi wa Marekani, mara nyingi baka huja pamoja na hali ya kuumwa mwili mzima: joto kupanda, uchovu, shingo kukaza, kichwa, misuli na viungo kuuma. Baka lake hutanuka haraka, na mara nyingi rangi ni ileile kutoka ukingoni hadi katikati, bila ile shabaha maarufu. Bakteria huyu huingia kwenye damu mapema, ndiyo maana wengine huota mabaka mengi sehemu tofauti za mwili ingawa kupe aliuma mahali pamoja tu.

Kwa afzelii mambo huenda taratibu. Baka hukua polepole, huweza kufikia ukubwa wa sahani, na katikati yake hupauka mara nyingi zaidi, likabaki duara kama pete. Mwenye baka anakula, analala, anakwenda kazini. Wengi hawana homa kabisa. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa New York wenye burgdorferi na wagonjwa wa Slovenia wenye afzelii, wote wakiwa wamethibitishwa kwa kuotesha bakteria maabara. Wale wa New York, kwa wastani wa kati, walikuwa wamekaa na baka siku 4. Wale wa Slovenia siku 14. Mimi naisoma tofauti hiyo hivi: wa New York alijisikia vibaya akaenda hospitali, wa Slovenia aliliangalia baka lisilomsumbua akasema litaondoka lenyewe.

Afzelii ana alama nyingine isiyojulikana sana. Kwa baadhi ya watu, hasa watoto, hutokea kivimbe cha rangi ya bluu na nyekundu kwenye ndewe ya sikio, na kwa watu wazima mara nyingi kwenye chuchu. Asipotibiwa, miaka ikipita, ngozi ya mikono au miguu inaweza kusinyaa na kuwa nyembamba kama karatasi.

Garinii yuko katikati kwa kasi, lakini ana tabia yake. Baka lake hutokea mapema kuliko la afzelii, hukua haraka zaidi, na mara nyingi zaidi mgonjwa hulisikia: linachoma, linawasha, linauma. Halafu, wiki chache baadaye, linaweza kuanza jambo ambalo hakuna anayelihusisha na kupe. Maumivu makali ya mgongo, bega au ubavu yanayozidi usiku hadi mtu hawezi kulala, wala dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Au upande mmoja wa uso unalegea, jicho halifumbi, mdomo unakwenda upande. Baka lenyewe huenda limeshapotea wakati huo, au halikuonekana tangu mwanzo kwa sababu lilikuwa mgongoni au kichwani ndani ya nywele.

Na yuko mwingine aliyetangazwa mwaka 2016 na kupewa jina la hospitali ya Mayo Clinic iliyomgundua: Borrelia mayonii, anayepatikana maeneo ya Minnesota na Wisconsin, Marekani. Huyu humfanya mgonjwa apate kichefuchefu na kutapika, na badala ya baka moja, vipele vinaweza kutapakaa. Kwenye damu hujazana kuliko ndugu zake. Ukimfikiria mgonjwa wa namna hiyo amelala kwenye benchi la zahanati, hakuna ambaye angemfikiria kupe.

Kwa nini ndugu wa damu moja wanatofautiana hivi? Sehemu ya jibu iko kwa wanyama wanaowalea. Bakteria hawa huishi kwa kuzunguka kati ya kupe na wanyama wa porini. Afzelii hulelewa na panya. Garinii hulelewa na ndege. Damu ya kila mnyama ina protini za ulinzi ambazo hutoboa bakteria mgeni, na kila bakteria amejishonea koti la kumkinga na protini za mwenyeji wake. Koti linalofaa ndani ya ndege halifai ndani ya panya. Kwa hiyo kila mmoja alikuja kwa binadamu akiwa amevaa koti alilozoea, na koti hilo linahusika katika kuamua anapita wapi, anavumilia wapi na anakwama wapi.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwetu wenyewe. Homa na maumivu ya misuli, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya kinga ya mwili inayopiga kelele. Aina za Marekani za burgdorferi huichokoza kinga kwa nguvu kuliko afzelii, chembe za ulinzi zikamwaga kemikali nyingi za uvimbe. Afzelii ameingia nyumbani amevua viatu. Ukosefu wa homa hauna maana kwamba hayumo.

Hapa lazima nitoke kidogo nije kwetu, kwa kuwa historia ya bakteria huyu imepita Tanzania, na sijawahi kuisikia ikisimuliwa kwa Kiswahili.

Wazee wetu wanamjua papasi, yule anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, anafyonza damu kwa dakika chache, anarudi ufani kabla hakujakucha. Homa ya papasi, ile inayopanda siku kadhaa, ikakata, ikarudi baada ya wiki, huletwa na Borrelia duttonii. Ni jenasi ileile, yaani ukoo uleule, wa bakteria wa Lyme. Jina lake linatokana na Joseph Everett Dutton, aliyeichunguza homa hiyo Kongo na kufa nayo mwaka 1905. Mwaka huohuo, mwaka ambao Vita ya Majimaji ilianza Matumbi hapa mkoani kwetu, Robert Koch alikuwa ndani ya nchi hii akiwachunguza papasi katika mabanda ya kupumzikia kwenye njia za misafara, akaonyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai.

Miaka ya 1940 mwishoni, kijana wa Uswisi aitwaye Willy Burgdorfer alifanya shahada yake ya uzamivu mjini Basel kuhusu papasi na bakteria huyuhuyu wa homa yetu. Mwalimu wake alikuwa Rudolf Geigy, ambaye mwaka 1957 alifungua maabara Ifakara, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Burgdorfer alihamia Marekani. Mwaka 1981, akiwachambua kupe kutoka Shelter Island, New York, akitafuta vijidudu vya aina nyingine kabisa, aliona ndani ya matumbo yao nyuzi zilizojisokota. Mtu mwingine angeweza kuzipita. Yeye alikuwa ameziangalia nyuzi za namna ile ujana wake wote, kutoka kwa papasi wa Afrika. Ndiyo maana bakteria wa Lyme ana jina lake.

Nilimwona duttonii kwa macho yangu mara moja tu, nikiwa mwanafunzi wa maabara Dodoma. Slaidi ya damu ilikuwa imepakwa rangi ya Giemsa, tukitafuta malaria. Vimelea vya malaria havikuwepo. Kati ya chembe nyekundu palikuwa na uzi mwembamba wa zambarau, umejisokota kama skrubu, mrefu mara mbili au tatu ya chembe iliyo jirani yake. Mwalimu alituita wote kumi na wawili tukapanga foleni nyuma ya hadubini. Mgonjwa alikuwa mama mjamzito aliyekwisha kunywa dawamseto mara mbili, maana kila homa ilipokata alidhani amepona.

Homa ya papasi inaonekana kwenye slaidi kwa sababu bakteria hujaa kwenye damu homa inapopanda. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaona, kwani kinatafuta protini za malaria peke yake. Lyme ni kinyume: kwenye damu bakteria ni wachache mno, hata ukae na hadubini hadi jioni huwezi kuwapata. Kipimo kinachotumika hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili huchukua wiki kadhaa kufikia kiasi cha kuonekana. Katika siku za baka la kwanza, majibu mara nyingi hutoka hasi kwa mtu ambaye anaumwa kweli. Ninasema haya nikiwa mtu wa maabara ninayeipenda kazi yangu: katika hatua hii jicho la daktari lina uzito kuliko karatasi yetu ya majibu.

Hata mpaka kati ya hizi homa mbili hauko wazi kama vitabu vya zamani vilivyodhani. Yuko Borrelia miyamotoi, aliyegunduliwa kwanza Japani, ambaye kwa ukoo ni wa upande wa homa ya papasi lakini anabebwa na kupe walewale wa Lyme. Huyu huleta homa inayoweza kujirudia, na baka kwa kawaida halipo kabisa. Mtu aliyeumwa na kupe Urusi, Japani au Marekani akapata homa kali bila alama yoyote kwenye ngozi, bado hajatoka kwenye orodha.

Na kupe wetu je? Hilo swali naulizwa kila ninapozungumzia jambo hili, hasa tangu wafugaji walipoanza kuingia Kilwa na Lindi na ng'ombe wao baada ya kuhamishwa Usangu mwaka 2006. Kupe wa ng'ombe na mbwa tunaowaona hapa si wale wanaoeneza Lyme. Kupe wa Lyme ni wa misitu na nyasi za nchi za baridi. Wetu wana mambo yao: ndigana kwa ng'ombe, na kwa binadamu homa ya kupe ya Kiafrika, ambayo kwa kawaida huacha kidonda chenye gamba jeusi mahali pa kuumwa. Baka linalotanuka na gamba jeusi ni vitu viwili tofauti, na inafaa kuvijua vyote.

Turudi kwenye ngozi, maana hapo ndipo panaponiuma. Vitabu vingi vya tiba vimelichora baka hili kwenye ngozi nyeupe, ambako ni jekundu. Kwenye ngozi yetu linaweza kuwa zambarau, kahawia iliyokolea, au kivuli tu kilichozidi weusi wa ngozi inayolizunguka, kama alama ya mafuta ya ganda la korosho inapoanza kupona. Nchini Marekani imeonekana kwamba wagonjwa weusi mara nyingi zaidi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye viungo au neva, kwa kuwa baka lao halikutambuliwa. Mpwa wangu alikuwa anajifunza uuguzi katika nchi ambayo ugonjwa huu ni wa kawaida, na bado hakuwa ameona hata picha moja ya baka hilo kwenye mguu unaofanana na wake.

Kupe mwenyewe naye hasaidii. Mkubwa wake, kabla hajanyonya, ni kama punje ya ufuta. Mtoto wake, anayeambukiza watu wengi zaidi, ni mdogo kuliko hiyo. Tofauti na papasi, hukaa ameng'ata kwa siku kadhaa, na kwa burgdorferi wa Marekani kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima kabla hajapitisha bakteria. Wa Ulaya wenye afzelii wanaweza kuwa wepesi kuliko hapo. Kumtoa mapema kwa kibano, kwa kumvuta moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma moto, ni jambo la maana popote ulipo.

Usiku ule nilimwambia achukue kalamu ya wino azungushie ukingo wa baka, aandike na tarehe. Choa hutambaa kwa wiki. Hili, kama ndilo, litavuka mstari kwa siku moja au mbili. Keshokutwa yake asubuhi akanitumia picha: wino uko ndani, baka limeshapita nje yake kwa upana wa kidole upande mmoja. Nikamwambia azungushie na ukingo mpya, asisubiri homa, aende leo, na akifika aseme mambo matatu kabla hajaulizwa: ameumwa na kupe wapi, lini, na baka limekua vipi.

Daktari alilipima kwa rula, akauliza msitu gani, akamwandikia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, bila kuchukua damu. Mpwa wangu alitaka kujua ni afzelii au garinii. Daktari akamwambia kwa dawa ya hatua hii haibadilishi kitu, ila ajiangalie kama kuna maumivu ya usiku au uso kulegea. Nami nikamwonya kwamba siku ya kwanza ya dawa anaweza kupata homa na kutetemeka kwa saa chache bakteria wanapokufa, jambo ambalo kwenye homa ya papasi huwa kali mno kuliko kwenye Lyme. Hakutetemeka.

Siku ya tisa alipiga simu mchana, muda wa mapumziko. Mistari miwili ya wino ilikuwa bado ipo, mmoja ndani ya mwingine, na ngozi kati yake imeanza kurudi rangi yake. Akaniuliza kama sasa anaweza kuifuta. Nikamwambia apige kwanza picha moja nzuri, kwenye mwanga wa dirishani, awapelekee wanafunzi wenzake darasani.